Kompyuta ya Mochwari

Nianze na kosa langu. Mtu akianza kwa kumsifu mwenzake, kisha akaja kukiri kosa lake mwishoni, wasikilizaji huwa wameshalegea na wanamsamehe bila kufikiri. Mimi msamaha wa namna hiyo siutaki. Nilimdanganya mtu asiyeona kwa miezi mitano, kila siku ya kazi, nikimwangalia usoni.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa hospitali. Wapo wanaoniita daktari wa mashine, lakini hizo ni sifa za kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kazi yangu ni kutambaa chini ya meza za watu nikitafuta waya uliochomoka, huku mwenye meza akiniapia juu ya kichwa changu kwamba hajagusa kitu. Katika hospitali hii hakuna mtu aliyewahi kugusa kitu. Vitu hujiharibu vyenyewe.

Mtu niliyemdanganya ni mpigachapa wetu. Alikuwa na chumba cha mwisho kwenye korido ya masjala, kikipakana na choo cha wafanyakazi, chumba chenye dirisha ambalo halikuwahi kumfaa kitu. Aliugua surua akiwa na miaka minne na macho hayakurudi. Akapelekwa shule, akafundishwa kupiga chapa, akaajiriwa. Daktari akimaliza kuona mgonjwa alizungumza ndani ya kinasa sauti kidogo, kaseti ikaletwa kwenye bahasha, naye akavaa hedifoni, akaweka mguu kwenye kile kikanyagio cha kusimamisha na kurudisha kanda, akachapa. Barua za rufaa, ripoti za upasuaji, majibu ya vipimo. Madaktari walikuwa wakimtajia alama zote, "mkato", "nukta", "aya mpya", na yeye akaizoea hiyo nukta mpaka ikawa dawa yake ya kumaliza ubishi. Mkibishana naye kuhusu mpira, akichoka anasema, "Nukta," na anaondoka. Ndiyo maana hospitali nzima ilimwita Nukta, kuanzia mganga mkuu hadi walinzi, na nadhani hata kwenye jalada lake mtu ameandika hivyo kwa penseli.

Alichokichapa alisomewa na kompyuta. Ilikuwa programu ya zamani sana, na sauti yake ilitoka kwenye kisanduku cha chuma kilichochomekwa nyuma ya mashine. Ilikuwa sauti ya mwanamke mwenye mafua aliyefungiwa ndani ya pipa. Halafu Nukta alikuwa ameiongeza kasi mpaka mtu mwingine yeyote akisikia anapata maharagwe yanayomiminwa kwenye sufuria, basi. Yeye alielewa kila kitu. Mke wake, mshonaji mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, aliiita ile sauti mke mwenzangu. "Mke mwenzangu hajambo?" aliniuliza kila tulipokutana. "Mwambie nilimpata mume kabla yake."

Sasa hapa nieleweke vizuri, maana ndipo watu wanaponiona mimi mjinga. Walisema, kwani kuna ugumu gani, si umpe programu mpya? Ile programu ya zamani ilitengenezwa kwa lugha ya watu wengine. Mwanzoni ilisoma Kiswahili kama mtu anayetafuna kokoto. Nukta akakaa nayo miaka kumi na saba akiifundisha. Ndani yake kulikuwa na orodha ya matamshi, neno na namna ya kulisoma, neno na namna ya kulisoma, zaidi ya maneno elfu tatu, yakiwemo majina ya dawa, majina ya mifupa, na vifupisho vya kila daktari. Aliyaingiza moja moja, kwa kusikiliza na kurekebisha. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake. Mtu mwingine angekuwa amejenga nyumba.

Siku moja umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo. Baada ya kama dakika ishirini nikasikia fimbo yake inagonga mlango wangu.

"Fundi, mashine yangu inanuka samaki aliyeungua."

Nilikwenda nikaifungua. Vile vikopo vidogo vya kwenye bodi vilikuwa vimevimba na kupasuka, maji yake ya kahawia yamemwagika. Nilimwambia ukweli, siku hiyo bado nilikuwa mtu wa ukweli. Nilimwambia, "Kaka, imekufa." Akaniuliza kama orodha yake imekufa pia. Nikamwambia hapana, diski ni nzima, ila hakuna mashine mpya itakayokubali programu ile, na zote hazina mahali pa kuchomeka kile kisanduku.

Nilimpa mashine mpya kwa siku mbili. Ilikuwa na sauti ya binti mtamu, anayetamka kama mtangazaji wa redio. Nukta alisikiliza, akainamisha kichwa. "Anaongea vizuri," alisema, "lakini hajui anachosoma." Siku ya pili alichanganya barua mbili, maana yule binti alikuwa anaruka mistari bila kuaga. Ripoti ya mtoto wa kike wa miaka tisa ikatoka ikisema anasumbuliwa na tezi dume. Muuguzi aliyeipokea alicheka mpaka akakaa chini, akawasomea wenzake wote. Nukta hakucheka. Aliiomba ile karatasi, akaikunja vipande vinne, akaiweka mfukoni. Miaka yote ile hakuwahi kurudishiwa barua.

Afisa utawala akaniita. Ni mtu wa viatu vinavyong'aa, asiyeweza kumwambia mtu hapana usoni. Hapana zake zote huziandika. Wakati huo hospitali ilikuwa inaingiza mfumo mpya, daktari anaandika mwenyewe kwenye kompyuta mbele ya mgonjwa. Akasema, "Kamtafutie ya zamani kule stoo. Ikikubali hiyo programu yake, aendelee na kazi mpaka astaafu. Isipokubali, nitamwandikia barua." Barua gani, hakusema, nami sikuuliza. Nukta alikuwa na miaka hamsini na minne. Kila mtu alijua barua hiyo inaanzaje na inaishaje.

Nilipomweleza, Nukta alisema jambo moja tu: "Nitachagua mwenyewe."

Stoo yetu iko nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Humo kuna vitanda visivyo na miguu, viti vya magurudumu visivyo na magurudumu, mizani ya kupimia watoto iliyobaki sahani, na kompyuta zilizopangwa ukutani kama matofali. Nilizijaribu zote tangu asubuhi. Zilizowaka zilikuwa tatu. Nikaziweka mezani, nikamleta.

Mimi nilikuwa na yangu niliyoipenda. Ilikuwa nyeusi, imetoka duka la dawa, ndiyo mpya kuliko zote. Ningeweza kuidanganya ijione ni ya zamani, na kisanduku cha sauti ningekichomeka kwa waya wa kuunganishia. Nilikuwa nimeshapanga hadi maneno ya kumshawishi. Nukta akakaa, akabonyeza herufi moja, sauti ikatoka. Akabonyeza nyingine.

"Inachelewa," alisema.

"Inachelewa nini? Hata nusu sekunde haifiki."

"Wewe ukitembea, mguu wako ukigusa chini halafu ukaambiwa baadaye kwamba umegusa, utafika?"

Akasogea kwenye ya pili, iliyotoka maabara. Hakuiwasha hata. Aliipitishia pua kwenye matundu ya nyuma, akasema hii imeshawahi kuungua. Nikamcheka. Nikaifungua ili nimwonyeshe kwamba hajui kitu, nikakuta vikopo viwili vimeanza kuvimba. Nikaifunga kimyakimya.

Ya tatu ilikuwa kongwe kuliko ile iliyokufa. Rangi yake ilikuwa imegeuka manjano kama meno ya mvuta sigara, na ilikuwa nzito kiasi kwamba niliibeba kwa kuikumbatia. Nukta alizungusha mikono nyuma yake, akapata mahali pa kuchomeka, akahesabu vijisumari kwa ncha ya kidole: vitano juu, vinne chini. Akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Akaniambia niiwashe. Akainama akaweka sikio juu ya bati lake, akalifunga sikio lingine kwa kiganja, akakaa hivyo muda mrefu, mimi nimesimama na mashuka yananguruma kwenye mashine upande wa pili wa ukuta.

"Hii haijachoka," alisema. "Ilikuwa wapi?"

"Mochwari."

"Basi ndiyo maana. Maiti hawana haraka."

Nilijaribu kumgeuza. Nilimwambia ni kongwe mno, ikiharibika kipuri hakipatikani popote, diski yake ndogo, hata feni yake ina kelele. Nilimwambia mchagua nazi hupata koroma. Akasema, "Hayo ya nazi yako nimeyasikia. Ibebe." Tukaondoka, mimi nimekumbatia kompyuta ya maiti, yeye ananitangulia na fimbo yake akinifungulia milango.

Mashine ile ilikuwa ndogo mno kuimeza orodha kwa mkupuo mmoja. Ilibidi niikate vipande, kila kipande kwenye disketi yake, disketi saba za zamani nilizozikusanya kwenye madroo ya watu. Sita zilisomeka. Moja ikakwaruza, ikakwaruza tena, ikakataa. Nikarudi kwenye diski ya zamani kuchukua upya, nayo ikaninyamazia. Ilikuwa imekubali kusomeka mara ile moja tu, kama kuniaga. Kipande kilichopotea kilikuwa cha herufi M.

Nani anaweza kuishi kwa Kiswahili bila M? Mgonjwa, mguu, mkono, mfupa, moyo, mapafu, mtoto, mama, maumivu. Vyote hivyo mke mwenza alianza kuvitafuna kama kokoto upya. Nilikwenda kumwambia nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Nukta akauliza ni maneno mangapi. Nikasema kama mia saba. Akavuta kiti, akavua saa yake, akaiweka mezani, akaanza na "maabara". Alifanya hivyo siku kumi na moja, kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni, akilisema neno, akilisikiliza, akilisahihisha, akilisikiliza tena. Ukipita koridoni ulisikia lile pipa likisema "mgonjwa" kwa namna ishirini. Siku ya kumi na mbili akapiga chapa barua ya kwanza, akaniita niisome. Haikuwa na kosa hata la mkato. Nikasema kwa sauti kwamba ya kale dhahabu, na mimi ni mtu ninayewachukia watu wanaosema hivyo.

Kwa hiyo mashine ilipatikana na programu ikafanya kazi. Masharti ya afisa utawala yalitimia yote. Ningependa kuishia hapo.

Lakini katika zile siku kumi na moja madaktari walikuwa wanajifunza ule mfumo mpya. Nukta alipokuwa tayari, bahasha za kaseti zilikuja nne kwa siku badala ya kumi na tano. Baada ya wiki tatu zikawa mbili. Mwishoni akabaki daktari wa mifupa peke yake, mzee anayeandika kwa kidole kimoja na kuichukia kibodi kama mkwe mbaya. Naye wakamweka muuguzi kijana wa kumwandikia. Jumatatu moja bahasha haikuja. Jumanne haikuja.

Nukta aliendelea kufika saa moja na nusu kamili. Aliwasha mashine, akavaa hedifoni isiyo na kitu ndani, akakaa. Alikuwa anafuta kibodi kwa kitambaa, herufi moja moja. Wiki ya pili akaanza kuja ofisini kwangu. "Fundi, kaseti zimekwama wapi?" Nikasema nitafuatilia. Kesho yake tena, "Vipi, umefuatilia?" Nilianza kuwa na kazi nyingi sana upande ule mwingine wa hospitali.

Jumapili mke wake alinitumia ujumbe niende kuangalia cherehani yake ya umeme. Cherehani haikuwa na ubovu wowote. Mumewe alikuwa amekwenda kunyolewa. Wana vyumba viwili, na kile cha mbele kimejaa vitambaa, hakuna pa kukaa mpaka usogeze gauni la mtu. Aliniwekea chai, akabaki amesimama.

"Shemeji, zamani akirudi alikuwa ananisimulia. Hataji majina, hapana, hilo hata umbane vipi. Lakini ananiambia, leo nimempeleka mtoto kwa daktari wa moyo. Leo nimemtoa bibi mmoja msumari wa chuma mguuni. Anasema yeye, utadhani kashika kisu! Mimi nashona, namsikiliza, tunalala. Sasa hasemi kitu. Ana wiki ya pili hamalizi chakula." Akanyoosha kitambaa ambacho hakikuwa na mkunjo. "Usimwache akae bure. Mimi namjua, akikaa bure atanifia."

Jumatatu nikaenda kwa afisa utawala nikamweleza. Alitazama viatu vyake. "Barua sitaki kumwandikia," alisema, "nilishasema ataendelea. Mtafutie chochote cha kufanya, fundi. Wewe ni mbunifu." Huyo ndiye bosi, amekupa ruhusa ya kufanya uovu na hajakwambia uovu gani.

Kule stoo kulikuwa na maboksi ya kaseti za zamani. Zamani kaseti ikishachapwa ilirudi kwa daktari ifutwe na kutumika tena, lakini daktari wa mifupa alikuwa hataki za kutumika mara mbili, akidai zinakoroma, kwa hiyo zake zilitunzwa tu. Zilikuwa nyingi. Nilizichambua kwa makini ya mwizi. Zilikuwa zake peke yake, nazo zilinifaa, kwa sababu bado yupo kazini na Nukta alimsikia kila siku koridoni akigombana na watu, sauti ileile. Tarehe hakuwa na tabia ya kutaja. Tarehe alikuwa akiiweka Nukta mwenyewe. Nilisoma kila lebo. Nikachukua tatu, nikazitia kwenye bahasha, nikampelekea.

"Zimefika," nilisema.

Heri hamkuuona uso wake ulivyochangamka.

Kuanzia hapo kila asubuhi nilimpelekea kaseti mbili au tatu. Alichapa. Printa yake ilipiga kelele mpaka masjala wakafunga mlango. Saa tisa nilipita kuchukua barua ili nizigawe wodini, ndivyo nilivyomwambia, nikaenda nazo ofisini kwangu nikazitia kwenye katoni chini ya meza. Barua safi, hazina kosa, zenye tarehe ya leo, za watu waliovunjika miguu miaka kumi na moja iliyopita. Nilishindwa kuzichana. Katoni ilipojaa nilitafuta nyingine.

Alianza kula, shemeji akaniambia. Mimi nikafurahi. Sisemi uongo sasa: nilifurahi, nikajiona mtu mwema, nikawa hata natembea kwa kuringa kidogo.

Kilichoniharibia ni maswali. Nukta hakuwahi kuwa mtu wa kuuliza, zamani barua ikitoka imetoka. Lakini baada ya kukaa bure akawa na kiu ya kujua zinafika wapi. "Yule mtoto wa nyonga," aliniuliza siku moja, "alipata nafasi kule tulikomwandikia?" Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Amepata." Akafurahi mpaka akapiga meza. Kesho yake, "Na yule dereva wa uti wa mgongo?" Nikasema anaanza kusimama. Fundi seremala wa kidole gumba nikasema karudi kazini. Niliwaponya wote. Kwa miezi mitano hospitali yetu haikupoteza mgonjwa hata mmoja wa mifupa. Na jioni habari hizo alikwenda nazo nyumbani, shemeji akishona na kumsikiliza.

Njia ya mwongo ni fupi, yangu ilifika mwisho siku ya Alhamisi, saa nne na kitu asubuhi. Nilikuwa nimempelekea chai. Kwa kawaida ukiingia vidole vyake haviachi kukimbia, anakusalimia huku anachapa. Siku hiyo vilikuwa vimetulia juu ya kibodi. Nikadhani mashine imekufa. Nikasema, "Kuna nini kaka, imegoma?"

Alivua hedifoni akaninyooshea, usawa kamili wa mahali nilipokuwa. Nikaweka chai chini, nikazivaa. Akakanyaga kikanyagio, kanda ikarudi nyuma kidogo, ikaanza.

Daktari wa mifupa alikuwa anaeleza goti la mtu. Mlango ukagongwa. Daktari akasema pita. Ikaingia sauti ya mtu mwingine, ya juu kidogo, changamfu: "Samahani daktari. Ile ya jana, umesema mguu wa kulia au wa kushoto?"

"Kushoto. Kwani kwenye kaseti nimesemaje?"

"Umesema vyote viwili."

Wakacheka. Daktari akasema, huku bado anacheka, "Sijui tungefanyaje bila wewe. Haya, toka, nipo katikati ya goti." Mlango ukafungwa, goti likaendelea.

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa Nukta, akiwa na miaka arobaini na tatu, amesimama kwenye mlango wa daktari.

Nilisoma lebo zote, nimeshawaambia. Nilisoma, sikusikiliza hata moja. Mtu mwenye macho akishasoma anajiona amemaliza.

Nilivua hedifoni. Yeye alikuwa amegeuza uso kuelekea dirishani, ingawa dirisha ni kitu gani kwake.

"Nilikuwa na sauti nzuri," alisema.

"Kaka..."

"Zote?"

"Zote. Tangu mwezi wa tatu."

"Barua ziko wapi?"

"Chini ya meza yangu. Katoni mbili. Sikuzichana, kaka. Hata moja."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali maelekezo ya njia. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Yule mtoto wa nyonga. Alipata?"

"Sijui."

"Dereva?"

"Sijui, kaka. Sijui hata mmoja wao. Nilikuwa nasema tu."

Nilitamani anipige. Ana fimbo, na mimi nilikuwa nimesimama karibu, wala nisingekwepa. Nilimwambia nitakwenda kwa afisa utawala, nitamwomba ampe kazi ya kupokea simu, nitamwomba madaktari wawili watatu warudi kwenye kaseti, niliropoka mpaka mimi mwenyewe nikachoka kujisikia. Alinyoosha kiganja kunisimamisha.

"Mke wangu anajua?"

"Hapana. Naapa hajui. Alisema tu usikae bure."

"Basi asijue," alisema. Akapapasa mezani akaipata chai, akanywa kidogo, akairudisha palepale. Akavaa hedifoni. Mguu ukarudi kwenye kikanyagio. "Huyu bado ana dakika kumi na mbili. Ngoja nimmalize."

Sikuweza kuondoka. Nilisimama nikiangalia vidole vyake vikikimbia, lile pipa likimwaga maharagwe yake, na barua ikitoka kwenye printa, safi, na tarehe ya leo juu. Aliichana penye vitobo vya pembeni, akainyoosha kwangu kama siku zote.

"Kesho niletee nyingine," alisema. "Ila nikikuuliza wanaendeleaje, usinijibu."

Ijumaa nilimpelekea kaseti mbili. Akachapa. Saa tisa nikazichukua barua. Hakuuliza kitu, na hajauliza tena mpaka leo. Nyumbani, shemeji anasema, bado anamsimulia: jana alikuwa amemnyoosha mkono mama mmoja muuza mboga, akapona vizuri kabisa. Imebaki miaka minne na miezi miwili astaafu. Wiki iliyopita nilikwenda stoo nikazitoa kaseti zote sakafuni, nikazihesabu mara mbili. Hazifiki hata mwaka.